Mwanangu, Kiima cha Sentensi Ile ni Nafasi

Kisumu, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Goti la mama yako lina nafuu, anatembea hadi sokoni na kurudi.

Jana uliponisomea barua ya kazini kwako, sauti ilikukwama kwenye neno moja. Wameandika kwamba nafasi yako ya karani wa hesabu itakuwa "redundant" kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Ukaniuliza, "Baba, hili neno maana yake hasa ni nini? Kamusi ya simu inasema ni kitu kisichohitajika. Ina maana miaka yote sita nilikuwa sihitajiki?" Nilishindwa kukujibu palepale, nikakuambia ulale kwanza. Neno hilo nalifahamu, mwanangu. Liliingia humu nyumbani wewe hujajua kusoma.

Mwaka 1995 nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Siku ya mshahara nikapewa bahasha, ndani mna karatasi ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu marobota na kujaza leja. Kile cha barua kilinizidi kimo. Nikaona "redundant" nikadhani wananiambia nimechakaa. Nilitia sahihi palipowekwa alama, nikapokea nilichopewa, wala sikuuliza kimehesabiwaje. Kisha kwa wiki mbili nilivaa shati la kazi kila asubuhi nikashinda Dunga ufukweni, ili mama yako asijue. Kazi huja na kwenda. Zile wiki mbili za kumficha mke wangu, kwa aibu ya neno nisilolielewa, zinaniuma mpaka leo.

Aliyenitoa gizani ni jirani yetu mwalimu. Alifungua kamusi yake kubwa akanionyesha kwamba neno limetoka Kilatini. "Unda" ni wimbi, na "redundare" ni maji kujaa hadi yakamwagika ukingoni. Nilikaa kimya kitambo, maana maji ya kufurika sisi watu wa ziwa tunayajua. Wewe mwenyewe ulikuwepo mwaka 2020 Nam Lolwe, hili Ziwa Victoria letu, ilipofura. Maji yaliyoingia vibandani yalikuwa yaleyale yanayotupa samaki, ngege na mbuta, ila yalizidi nafasi iliyokuwepo. Na "abundance", ambalo ni neno la neema na wingi, limezaliwa na wimbi hilohilo. Ndugu wa tumbo moja, mmoja akaolewa kwenye raha na mwingine kwenye barua za kuachishwa kazi.

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia kila ninapokutana nalo. Walimu wa Kiingereza hulitumia kwa maneno yanayorudia kazi iliyokwisha kufanywa: mwanafunzi akiandika "return back" atakatwa, kwa kuwa "return" tayari ni kurudi. Wahandisi nao hulitamka kwa heshima. Kwao ni kile kifaa cha pili kinachosubiri cha kwanza kiharibike, kama jenereta ya hospitali stima zinapopotea daktari akiwa katikati ya upasuaji. Nenda Dunga uangalie mashua yenye injini: ndani utakuta kafi. Siku injini inapozima katikati ya maji, hakuna mvuvi atakayekuambia kafi ile haihitajiki.

Sasa tuje kwenye barua yako, kwa sababu huko neno lina maana ya kisheria, na hiyo ndiyo itakayokufaa kesho. Sheria yetu ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaeleza kwamba "redundancy" ni kupoteza kazi bila hiari yako na bila kosa lako, pale mwajiri anapoona huduma hiyo imezidi mahitaji. Bila kosa lako. Soma hapo mara mbili. Kifungu cha 40 kinamfunga mwajiri pia. Kwa kuwa huna chama cha wafanyakazi, lazima akuarifu wewe kwa maandishi na amwarifu afisa wa leba. Katika kuchagua nani aondoke, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mtu kazini. Akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Siku za likizo ulizobakiza zilipwe kwa pesa. Na kwa kila mwaka uliokamilika, malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15. Umekaa miaka sita na miezi saba, kwa hiyo hesabu sita: siku 90. Ile miezi saba sheria haikuahidi kitu, lakini mkataba wako unaweza kuahidi zaidi, usome wote. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kupiga hesabu hiyo mwenyewe. Wewe ni mtu wa hesabu, mimi nilikuwa mtu wa marobota.

Halafu, jinsi ya kulitumia. Angalia kiima cha sentensi yao: ni nafasi yako. Kwenye usaili sema hivyohivyo, "My position was declared redundant," yaani nafasi yangu ndiyo iliyotangazwa kuzidi, kisha nyamaza uwatazame usoni. Wapo wasemao "I was made redundant", ambapo kiima ni mimi, na ni Kiingereza safi, ila mimi napenda ile ya kwanza kwa mtu ambaye jeraha lake bado bichi. Usiandike "terminated", yaani kukatishwa ajira, peke yake, kwani msomaji atajijazia sababu, na watu hujaza mabaya. "Fired" usiliguse kabisa, hilo ni la kufukuzwa. Kwa Kiswahili pia uwe mwangalifu: shangazi yako akipiga simu, mwambie umepunguzwa kazi. Ukisema umefutwa, kufikia jioni mtaa wa Nyalenda wote utakuwa unauliza uliiba nini.

Mama yako nimemweleza tayari, jioni hii hii, kabla sijashika kalamu. Alisikiliza, akauliza kama umekula. Ukipanda basi la Ijumaa usiku, nitakuwa stendi alfajiri. Njoo na mkataba na ile barua. Yangu ya mwaka 1995 ninayo bado, tutaziweka mezani zote mbili tuzisome pamoja.

Ni mimi baba yako.