Bonsai Kiangazi na Masika: Maswali Kutoka Tabora na Kigoma

Mkwaju wangu wa bonsai, yaani mti unaolelewa ubaki mdogo chomboni, una miaka mitatu na uko kwenye beseni la kina kifupi. Tangu Julai unapukutisha majani, na matawi mawili ya juu yamebaki matupu. Naumwagilia kikombe kimoja kila jioni. Kitabu nilichoazima kinasema Julai mti unatakiwa ukue. Je, umekufa?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Kabla ya kuuandalia matanga, kwaruza gome la tawi tupu kwa ukucha, pawe padogo kama punje ya mchele. Ukikuta kijani chenye unyevu, tawi li hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka kidogo kuelekea shinani ukwaruze tena, mpaka ufikie penye kijani. Mkasi uweke kando kwanza, hadi machipukizi yajionyeshe.

Kitabu chako kimeandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini. Huko Julai ni joto, na kinachoulaza mti ni baridi ya Januari. Tabora mti hulazwa na ukame: mvua hukatika Aprili au Mei mwanzoni, Juni na Julai huja na usiku wa baridi na upepo mkavu, kisha Septemba na Oktoba jua hupiga kwelikweli. Tazama miombo nje ya mji inavyopukutisha, halafu ikatoa majani mekundu hata kabla tone la kwanza halijaanguka. Mkwaju nao hupunguza majani kiangazi, kwa hiyo sehemu ya unayoyaona ni kawaida yake.

Sehemu nyingine ni kile kikombe. Maji kidogo ya kila siku hulowanisha sentimita mbili za juu tu. Ukitazama unaona udongo umelowa, kumbe mizizi ya chini iko jangwani. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi karibu na sakafu ya beseni, kiache dakika kumi. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia beseni zima mpaka maji yatoke matunduni, subiri dakika tano, kisha rudia. Mzunguko wa kwanza hulainisha udongo, wa pili ndio unaoingia. Udongo ukikauka mno, maji hupita pembeni tu bila kuingia. Hapo zamisha beseni kwenye karai la maji mpaka mapovu yakome.

Kwa beseni la kina kifupi, Juni na Julai huenda ukamwagilia siku moja na kuruka moja. Oktoba ni kila asubuhi, na siku za jua kali na jioni pia. Usishike ratiba hiyo kama msahafu, kijiti ndicho chenye kauli ya mwisho.

Mti upate jua hadi saa tano asubuhi, kisha kivuli chepesi. Beseni jeusi likipigwa na jua la alasiri huunguza mizizi ya upande huo kwanza, na mara nyingi matawi ya upande huohuo ndiyo yanayokauka. Lizungushie kiroba kilicholoweshwa. Wala usiliweke chini, maana mchwa wa Tabora hawabagui mti mkubwa na mdogo. Tengeneza kichanja, na miguu yake uisimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Mbolea isubiri machipukizi.

Fikasi yangu (ficus, jamii ya mkuyu) inageuka njano na udongo unanuka. Nilitumia udongo mweusi wa bustani na samadi, nusu kwa nusu. Mvua haikatiki.
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Harufu hiyo ni ya mizizi inayooza kwa kukosa hewa. Udongo laini ukilowa hushikamana, na chombo cha kina kifupi huzidisha tatizo, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Jaribu hivi: lowesha sifongo ya kuoshea vyombo, ilaze kwenye kiganja isubiri mpaka iache kudondosha maji. Sasa isimamishe kwa ncha yake. Itaanza kudondosha upya. Maji yale yalikuwa yamenaswa kwa sababu sifongo ililala, na ndivyo yanavyonaswa kwenye sakafu ya chombo chako.

Kwa hiyo leo hii ingiza kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa chungu, kiinuke sentimita nne au tano, na ukisogeze mahali penye mwanga pasipofikiwa na mvua. Si chini ya ukingo wa bati, maana huko maji humwagika kama bomba lililopasuka.

Kisha badilisha udongo. Bahati nzuri fikasi hupenda kufanyiwa kazi hiyo wakati wa joto na unyevu, kwa hiyo masika yanakufaa. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni mweusi, na ukiuvuta ganda lake huvuka kama la kitunguu kilichochemshwa, ubaki uzi. Kata yote iliyooza mpaka kwenye uzima, usiguse zaidi. (Mti wenye afya tunaweza kuukata mizizi isiyozidi theluthi moja; mgonjwa, hapana.) Utomvu mweupe ukitoka, futa kwa kitambaa chenye maji.

Mchanganyiko mpya uwe hivi: tofali la kuchoma lililopondwa, sehemu mbili, mchanga mkubwa wa mto, sehemu moja, mboji au samadi iliyoiva, sehemu moja. Tofali na mchanga vipitishe kwenye wavu wa milimita sita, kisha kwenye wavu wa mbu. Kilichobaki juu ya wavu wa mbu ndicho unachotaka, vumbi litupe. Mchanga laini wa ufukweni mwa Tanganyika haufai. Ziwa halina chumvi ya kuudhuru mti, ila chembe ndogo zitakurudisha kwenye matope yaleyale.

Funga shina kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini, kwa sababu mti unaotikiswa na upepo wa ziwani hukata mizizi michanga kila inapoota. Kivuli wiki tatu, bila mbolea wiki tano.

Nina mbolea ya tumbaku iliyobaki, NPK 10:18:24, na CAN (mbolea ya naitrojeni). Nitumie?
*Msomaji, Urambo*

NPK inafaa, kwa kipimo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa lita tano za maji. Loweka usiku kucha, tumia maji ya juu, kila baada ya wiki mbili kuanzia Novemba hadi Machi, kwenye udongo uliokwisha lowa. Ukimwaga chembe kavu shinani, kingo za majani zitaungua. CAN ipeleke kwenye mahindi. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana na pingili ndefu, kinyume kabisa cha unachokitafuta.

Na kwa kuwa uko Urambo, najua kuna atakayekushauri maji ya tumbaku dhidi ya vidung'ata. Usiyatumie, nikotini hupenya kwenye ngozi. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja kinatosha. Nyunyiza jioni, suuza asubuhi.

Mbegu za bonsai zinapatikana wapi?
*Msomaji, Kasulu*

Hazipo. Bonsai ni namna ya kulea mti, si aina ya mti, na pakiti zenye jina hilo huwa na mbegu za miti ya kawaida. Panda kokwa za mkwaju, au nunua kitaluni mche wa fikasi au bogonvilia wenye shina nene.

Waya niliozungushia tawi la fikasi ili kulipa umbo umezama. Niufunue?
*Msomaji, Gungu, Kigoma*

Usiufunue, utavunja tawi. Waya wa shaba hukakamaa kila unapopindwa. Ukate kwa koleo kipande baada ya kipande, kila mzunguko peke yake. Masika fikasi hunenepa haraka, waya unaweza kuzama ndani ya wiki tatu au nne, kwa hiyo ukague kila Jumamosi. Tawi likirudi lilikokuwa, lifunge tena kwa kuzungusha upande wa pili, nje ya kovu la kwanza. Waya wa shaba wa umeme wa nyumba, wa milimita za mraba 2.5, uliobanduliwa ganda unatosha kwa tawi la milimita tano. Uchome kwanza kwenye mkaa hadi uwe mwekundu, uache upoe. Utakuwa laini na vidole havitaumia.