Jibu: Waokoaji wa baharini Uingereza walianzaje?

Ndugu, umeuliza RNLI, taasisi ya mashua za uokoaji baharini ya Uingereza, ilianzaje na kama kweli mabaharia wake hawalipwi. Ilianzishwa tarehe 4 Machi 1824 kwa juhudi za Sir William Hillary, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Isle of Man na kuona meli zikivunjika pwani. Hadi leo wengi wao wanajitolea, na michango ya watu ndiyo inayoiendesha.

Kisa kinachonigusa ni cha Whitby, mji wa pwani Uingereza, Februari 1861. Siku ya dhoruba waokoaji wa huko walitoka mara kadhaa kuokoa watu, mwisho mashua ikapinduka. Kati ya waokoaji 13, alipona Henry Freeman peke yake. Ndiye pekee aliyevaa jaketi okozi la aina mpya, lenye vipande vya gome jepesi linaloelea. Wenzake walizama karibu kabisa na ufuko, watu wakitazama.