Mwamba mnaotaka kuuvunja ndio jukwaa lenyewe: majibu ya maswali yenu

Wiki hii nimechukua maswali ya mandhari ya nje ya majengo ya sanaa za maonyesho vyuoni, yamekuja kadhaa kwa mpigo na karibu yote yananigusa palepale.

"Mwangaluka kaka. Chuo kinajenga ukumbi wa maigizo na muziki, mbele kuna mawe makubwa matatu, mkandarasi anasema yatolewe pawe flati tuweke pevingi na maua. Unashauri nini?"

Mwangaluka. Asiguse hata moja mpaka mmoja wenu akae pale na kiti kuanzia saa tisa mpaka usiku uingie. Hili nimelisema sana na bado kila nikipita nakuta moto umewashwa juu ya jiwe, linapasuka maganda maganda, watu wanagonga kokoto, afu ukumbi ukiisha naitwa niwatafutie "kitu cha kuvutia" pale mbele. Jamani kitu cha kuvutia si mmekiuza kwa ndoo!

Sikiliza. Mwanza tupo digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linazama karibu magharibi kabisa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Sauti inafika mbali ikisukumwa na upepo, hivyo kwa maonyesho ya jioni unataka mwigizaji awe upande wa ziwa na watu wakae upande wa mlimani wakimtazama. Tatizo ni kwamba kama ziwa lenu lipo magharibi, na sehemu nyingi za mji huu ndo hivyo, jua la saa kumi na moja litawachoma watu machoni na hawataona kitu. Sasa weka mwamba wa mita nne nyuma ya mwigizaji. Jua limezibwa, na ile sauti ambayo ingepotelea nyuma inagonga jiwe inarudi kwa watazamaji. Mtu wa zege angewadai mamilioni kwa ukuta wa kazi hiyohiyo. Ila acheni mita mbili kati ya jiwe na wachezaji, maana granite inakunywa jua kutwa nzima, juzi nimeweka kiganja kwenye jiwe la hivyo saa moja na nusu usiku nikautoa haraka.

Na onyo ambalo hukuniuliza: jiwe lililokaa juu ya jiwe usichimbe mtaro wala msingi chini ya mguu wake bila injinia kuliangalia. Limekaa miaka yote kwa sababu hakuna aliyelichokonoa.

"Barabara ipo nyuma ya ukumbi, bodaboda zinatusumbua mazoezini. Tupande ashoka ngapi kuzuia kelele?"

Hata mia hazitoshi. Mstari mmoja wa miti unaficha pikipiki usiione, kelele inapita kama kawaida. Kinachozuia ni kitu kizito kisicho na tundu: ukuta, au tuta la udongo refu kuzidi kimo cha mtu, na udongo mnao, ni uleule uliotoka kwenye msingi ambao mnalipa malori yaukatupe. Ulazeni kule, pandeni ukoka usimomonyoke.

"Bei kwa skwea mita ni shilingi ngapi?"

Ya nini? Mteremko ukoje? Maji yanatoka wapi? Swali hili msinitumie tena bila ramani na picha.

"Uwanja wa nje wa wanafunzi wa ngoma tuweke pevingi au nyasi?"

Wala pevingi wala nyasi. Wekeni udongo! Watu wa Mwanza mnaniuliza hili wakati makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yapo hapo Kisesa na kila Juni kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo mnawaona Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya wacheza ngoma, wanavyoshindana, wanacheza juu ya nini? Bugobogobo ni ngoma ya jembe, imetoka shambani, mguu unapiga chini na vumbi linapanda, hiyo ni sehemu ya ngoma. Kwenye pevingi mguu hauna pa kuzama, magoti na visigino vya hao vijana vitalipa, na nyasi mwezi mmoja tu ni upara. Chukueni moramu laini iliyochekechwa, muichanganye na mchanga kidogo, mshindilie, mmwagie maji kabla ya mazoezi. Mteremko uwe sentimita mbili kwa kila mita na uelekee MBALI na jengo. Nimeshaona sehemu moja, na mimi nilikuwepo kwenye kazi ile, uwanja uliinamia mlango wa kuingizia seti (mapambo ya jukwaani), mvua kubwa ya kwanza ya Novemba maji yakapita chini ya mlango na mbao za jukwaa zikavimba zikainuka kama mgongo wa ng'ombe. Mpaka leo nikipita pale naangalia pembeni. Mlango ule ndio wa kuanza nao kwenye ramani, lori lifike, maji yasifike.

"Tunaweza kusogeza viti mpaka majini kabisa?"

Hapana. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, chuo hakijasamehewa.

"Gugu maji linafaa kutandazia kwenye maua?"

Linafaa likioza kabisa kwenye lundo la mboji lenye joto kali. Bichi hapana, mbegu zake ni ngumu kufa na mtaro wenu unarudi ziwani.

"Wadudu wa ziwani wanatuharibia maonyesho ya usiku, tupulizie dawa gani?"

Dawa acheni, wale wanatoka ziwani kama moshi, utapuliza mpaka lini. Shida ni taa nyeupe kali mlizofunga juu ya nguzo zikitazama ziwa. Wekeni za njano, fupi, zinazomulika chini kwenye njia tu, na taa moja kali iwe mbali pembeni, upande ambao watu hawakai, iwavute huko. Na kabla hamjapanga tarehe angalieni mwezi, siku za mwandamo ndio wanatoka kwa wingi.