Jibu kwa dada wa misa ya Papa: simamisha huyo mchapaji kwanza

Dada, simamisha huyo mchapaji. Leo hii, mengine utasoma baadaye.

Umeandika kwamba misa ya kuondoa matanga ya Papa yenu, yaani baba yenu marehemu, ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwamba kuna bwana mmoja wa Ibanda, hapa hapa Bukavu, "mwenye kuzoea" anayewaandikia kijitabu cha maisha yake, atawaletea Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi kinakwenda moja kwa moja kuchapwa. Halafu unauliza vitenge vya picha, kwaya, ukumbi, chakula cha wageni, na kama kurasa 12 zinatosha. Wenzangu hapo juu wamekujibu vizuri habari ya vitenge. Mimi nimekwama kwenye hiyo Alhamisi usiku, sijatoka.

Papa wetu alikuwa mtu wa aina ya wako. Katekista akiwa kijana, baadaye mwalimu, kisha rais wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya wakristo majirani, kule juu Kadutu kwa miaka mingi, na rais wa komite ya wazazi wa shule. Wenye ugomvi wa bibi na bwana walikuja kwetu Jumapili alasiri, wanakaa kwenye benchi chini ya mti wa avokado, anawaacha waseme mpaka wachoke wenyewe. Mtu kama huyo akifa, kila mmoja anadhani anayajua maisha yake. Sisi watoto ndio tulioyajua kidogo kuliko wote. Tulimkuta tayari ni mzee, na alipokuwa anaongea na wenzake sisi tulitumwa maji.

Kamati ya familia ikaundwa. Urais akapewa mkubwa mmoja wa ukoo anayekaa Ulaya, kwa sifa moja tu, kwamba ndiye aliyetuma dola nyingi. Amri zake zilikuwa zinaingia kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane, na mwisho wa kila sauti anasema "nafikiri mumenielewa". Yeye ndiye aliyetuletea mwandishi. "Huyu ni intelektueli, ameandika maisha ya wakubwa wengi, msimsumbue." Basi hatukumsumbua. Nikampa bahasha ya makaratasi ya Papa na picha kadhaa, akapokea nusu ya pesa, akaenda. Hakukanyaga kwetu. Hakuongea na Mama, ambaye alikuwa amelala kitanda kimoja na marehemu tangu kabla ya nchi kuitwa Zaire. Hakuuliza mtu yeyote wa shirika. Bwana mzima anaandika maisha ya mtu kama anayejaza fishi, ile fomu ya hoteli!

Kijitabu kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Karatasi ya kung'aa, Papa kwenye jalada na tai yake, Kifaransa upande huu, Kiswahili upande ule. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusahihisha, ile Alhamisi usiku. Nimepita seminari ndogo, koma nazijua. Nilirekebisha koma zote, na mpaka leo ziko mahali pake, mtu asije kunisingizia.

Ila kwenye ukurasa wa sita kulikuwa na sentensi hii: "Mwaka 1978, kwa ukarimu wa moyo wake, alitoa sehemu ya shamba lake ili watoto wa Mungu wapate shule."

Niliipita. Niliona ni tamu. Nilifikiri, kumbe Papa alifanya na hilo.

Hakufanya. Hatukuwahi kuwa na shamba pale. Ukweli wake ni huu, na wazee wote wa shirika wanaujua. Mwisho wa 1974 Serikali ya Mobutu ilichukua shule mikononi mwa makanisa. Februari 1977 ikasaini mkataba wa kuwarudishia uendeshaji, maana mambo yalikuwa yameharibika. Upande wetu wazazi wakakubaliana kujenga madarasa yao, na kiwanja kikatolewa na mzee jirani, mtu wa shirika, mkulima asiyejua kusoma. Papa alikwenda naye kwa chifu akatia saini kwenye karatasi kwa niaba ya komite, kwa sababu kalamu ilikuwa yake. Mawe yalibebwa na watu wote kutoka mtoni, wanawake wengi kuliko wanaume. Ile karatasi ya chifu ilikuwa ndani ya bahasha niliyompa intelektueli wetu. Akaona saini ya Papa, akamzalia shamba.

Yule mzee jirani alikwishakufa zamani. Mjane wake yuko. Siku ya misa alikuwa amekaa benchi la pili, amevaa nguo zake za Legio Maria, chama cha sala cha parokia yetu. Kusoma hajui, lakini masikio yake ni mazima, na mtoto wa kaka yangu aliyesoma kile kijitabu ana sauti ya redio. Alipofika kwenye "shamba lake", yule mama aligeuza kichwa polepole akamtazama Mama yetu. Mama akainamisha uso. Nikaona, nikafikiri ni huzuni tu.

Ukumbini akapewa sahani ya bugali na nyama ya ng'ombe. Hakuionja. Akaiweka chini ya kiti, akaifunika kwa kijitabu, picha ya Papa ikitazama nyama, akajifunga kitenge chake upya na kuondoka kwa miguu. Wazee wengine wa shirika wakamfuata mmoja mmoja. Sisi huku tunagawa bia ya Primus na kupiga picha.

Ungeniambia yaishie hapo, ningekwenda kuomba radhi na maisha yaendelee. Lakini kulikuwa na ndugu mmoja wa ukoo, mtu wa Lubumbashi, aliyerudi na nakala ndani ya begi. Baada ya miezi michache anatua Bukavu na hesabu zake. Kama Babu alitoa "sehemu" ya shamba, basi sehemu nyingine ilibaki, na sehemu iliyobaki ni ya warithi. Akaanza kupima kwa hatua nyuma ya madarasa, pale watoto wanapocheza mpira.

Unajua kiwanja katika mji huu ni kitu gani. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, mtu anapata haki ya kuitumia, na haki hiyo inaonyeshwa na sertifika. Shule ile haina sertifika. Ina karatasi ya chifu na midomo ya wazee. Sasa mahali ambapo ushahidi ni midomo, wewe mtoto wa marehemu unachapa mamia ya nakala zenye ushahidi wa uongo, unazigawa bure, tena kanisani! Tukaitwa kwa sefu wa kartie, kiongozi wa mtaa. Mkurugenzi wa shule akaja na kijitabu, watoto wa yule mjane wakaja na kijitabu, mtu wa Lubumbashi akaja na chake. Wote wamefungua ukurasa wa sita. Sijawahi kuona kitabu kinachosomwa hivyo.

Paroko akadai familia iandike kwamba haina kiwanja pale. Mtu wa Lubumbashi akaleta avoka, yaani wakili, nasi ikabidi tutafute wetu ili tuthibitishe kwamba baba yetu HAKUWA na shamba. Nilijikuta nimesimama mbele ya watu nikimpokonya marehemu baba yangu mali ambayo hakuwa nayo. Pesa iliyokwenda kwa avoka, kwa kuchapa upya, kwa kitenge na kasiksi, pombe ya ndizi, tuliyompelekea yule mama, ilipita gharama ya misa, ukumbi na pombe vyote pamoja. Na hiyo bado ni pesa. Shirika lilikuwa linasali rozari kwetu tangu sijazaliwa. Likahamia uwanja wa mtu mwingine. Mama alikuwa anatoka jioni na kiti chake mkononi kwenda kusali kwa watu, mjane wa rais wa shirika.

Rais wa kamati wa Ulaya nilipomweleza alinijibu, "Lakini mwandishi ana diploma." Mwandishi mwenyewe alisema alitumia "mtindo wa kishairi". Mshairi huyo alikuja kudai nusu ya pili ya pesa yake. Niliwazuia wadogo zangu, najuta kidogo.

Sasa sikia tulivyotengeneza, ndiyo nataka ufanye wewe KABLA. Tulimwita yule mama, tukawaita wazee wa shirika waliobaki, katekista mstaafu, na dada mmoja wa Papa kutoka Walungu. Mama katikati. Mimi nikasimama na kusoma maandishi mapya kwa sauti, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu shangazi anageuza kwa Mashi, lugha yetu ya kijijini. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kunikata. Walinikata! Tuliingia jua likiwa juu, tukatoka na taa.

Ndipo nilipomjua Papa. Wale wazee hawahesabu miaka kwa kalenda, wanahesabu kwa vita na kwa maaskofu. "Ilikuwa wakati wa Schramme," maana yake 1967, mamluki wa huyo Schramme walipoushika mji kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba, na Papa kijana akavusha watoto wa jirani hadi vijijini. "Mwaka wa Munzihirwa," hapo ni 1996, Askofu Mkuu alipouawa Oktoba 29, na Papa akawa anapita nyumba kwa nyumba za shirika kuhesabu nani yuko na nani hayuko. Mambo hayo hayakuwa na karatasi ndani ya bahasha, kwa hiyo kwa yule intelektueli hayakutokea.

Na makosa mengine yakaanguka hapo hapo. Kijitabu cha kwanza kilisema Papa aliongoza wakristo kumpokea Askofu Mkuu Kataliko aliporudi kutoka Butembo "mwaka 2001". Katekista mstaafu akacheka mpaka akakohoa. Kataliko alizuiwa na waasi wa RCD kurudi Bukavu Februari 2000, akakaa Butembo hadi Septemba, akarudi, na Oktoba ya mwaka ule ule akafariki Italia. Mwaka 2001 Papa angempokea kaburini. Tena hata kwenye mapokezi ya kweli hakuwa mbele, Mama anasema alikuwa mgonjwa nyumbani na alilia kwa kukosa kwenda. Hilo la kulia ndilo tuliloandika.

Jina je! Kwenye makaratasi yake mengi Papa hana jina la ubatizo, kwa sababu kuanzia 1972 Mobutu aliyakataza majina ya kikristo na vitambulisho vikabaki na ya kizaire tu. Mwandishi wetu akaona pengo, akajaza jina alilolisikia kwa mtu. Mapadri Weupe walimbatiza mara moja, huyu akambatiza mara ya pili kwa kompyuta. Nenda parokia alikobatizwa Papa yenu, omba kwa heshima waangalie daftari la ubatizo. Mule kuna jina lake, wazazi, msimamizi, na pembeni huandikwa kipaimara na ndoa. Ni mstari mmoja tu, lakini una ukweli kuliko bahasha nzima.

Kwa hiyo, dada yangu: hakuna kuchapa kabla ya kusoma kwa sauti mbele ya waliokuwepo. Mama kwanza, peke yake, asikie kabla ya wengine, maana kuna mambo ataomba yaondolewe na ni haki yake. Halafu wazee wa shirika. Halafu, na hapa usione haya, yule mtu aliyewahi kugombana na Papa yenu. Kila rais wa shirika ana mmoja. Huyo atakusahihisha bure kwa furaha. Usiwatumie kwa simu, watakujibu "ni vizuri sana, Mungu awabariki" bila kufungua. Kwa sauti, wamekaa, na wewe kalamu mkononi. Kila mahali penye "alijenga", "alitoa", "alianzisha", simama uulize: na nani? juu ya kiwanja cha nani? Kama bwana wa Ibanda hataki, mlipe kazi aliyofanya na aende. Kama mwenye kutuma pesa anakasirika, mwache akasirike huko huko kwenye baridi.

Siku zikibana, fanyeni misa bila kijitabu. Wakristo walizika wazee wao miaka mingi bila karatasi ya kung'aa. Kijitabu kinaweza kutoka kwenye mwaka wa kwanza wa ukumbusho.

Ulisema pia mtakisoma chote mahali pa mahubiri. Padri hatakubali, na akikubali amekosea. Kanuni za misa zinasema mahubiri ya maziko yasigeuzwe kuwa sifa za marehemu. Maneno ya familia huwekwa baada ya sala ya baada ya komunyo, na yawe mafupi. Kurasa 12 pale ni adhabu kwa wazee wenye magoti. Chagueni ukurasa mmoja, asome mtu mwenye pumzi.

Habari ya kwaya na ukumbi nimesahau ulivyouliza, wengine watakujibu. Wewe niambie kitu kimoja: ndani ya hiyo rasimu kuna neno kiwanja, shamba au parseli? Kama liko, niandikie faraghani leo usiku, nakili sentensi yote na uondoe majina.