Mvinje, mkaratusi au mjohoro? Maswali yenu kuhusu kuni

Ninapika wali na maharage ya biashara hapa Mkuranga. Muuza kuni ana mkaratusi wa bei nafuu na mvinje wa bei ya juu. Ninunue upi?

Dada yangu, kabla ya jina la mti, uliza uzito na ukavu. Kilo moja ya kuni kavu hutoa joto linalokaribiana, iwe ya mvinje, mkaratusi au msonobari. Mvinje unasifiwa kwa sababu ni mzito: mzigo unaolingana kwa macho una kilo nyingi zaidi, kwa hiyo moto unadumu na makaa yanabaki, jambo ambalo maharage yanalihitaji. Mkaratusi uliokua haraka ni mwepesi. Ukikauka unashika moto upesi na kuisha upesi, na kwa chai au kukaanga hauna shida yoyote. Kama anauza kwa mzigo, mvinje unaweza kustahili bei yake. Kama anauza kwa kilo, chukua zilizokauka zaidi bila kujali jina. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji: unayalipia, kisha unapoteza moto kuyakausha, na moshi unaingia kifuani mwako.

Nitajuaje kama zimekauka kweli?

Tazama ncha: kuni kavu zina nyufa, na maganda yake yanabanduka kirahisi. Gonganisha mbili, kavu zinalia, mbichi zinatoa mshindo mzito uliofifia. Ukiwa bado na shaka, pasua moja uweke upande wa ndani shavuni. Ukihisi ubaridi na unyevu, bado. Nyumbani zipasue kabla ya kuzipanga, kwa sababu gome huzuia maji yasitoke, kisha ziweke juu ya kichanja chenye paa, pembeni pawe wazi upepo upite.

Mvinje na msonobari naona ni mti mmoja. Tofauti iko wapi?

Vuta kijiti kimoja cha kijani. Cha mvinje kina pingili na kinakatika kwenye maungio yake. Hivyo ni vitawi vyembamba, majani yenyewe ni vimeno vidogo sana kwenye kila pingili. Msonobari una majani halisi kama sindano, yameshikana pamoja kwenye shina moja dogo, mara nyingi matatu kwa misonobari inayopandwa kwetu. Kwenye kuni zilizokwisha kukatwa, nusa: msonobari unanukia utomvu, na utomvu huo ndio unaotoa masizi mengi kwenye sufuria.

Nina nusu ekari huku Kilifi. Nipande nini kwa ajili ya kuni?

Hapa ndipo ningependa wasomaji wote wafikirie kisiki. Mvinje unastahimili mchanga na upepo wa chumvi, unarutubisha udongo kwa naitrojeni, na kuni zake huwaka hata zikiwa na ubichi kidogo. Lakini ukishaukata hauchipui vizuri. Itakubidi upande upya. Mjohoro, wenye maua ya njano na maganda marefu bapa, huchipua kisikini kila ukikatwa, na mlusina, mti mwingine wa kuni, vilevile. Mjohoro una moshi mwingi, basi upikie nje, na majani yake ni sumu kwa nguruwe. Mimi ningechanganya: mvinje upande wa mbele, kwa kuwa nguzo zake zina soko na matawi yatakuwa kuni, kisha safu za mjohoro za kukata kwa zamu. Mkaratusi usiupande karibu na kisima, unakunywa maji mengi.

Babu yangu husema hakuna kuni kama mkoko. Mbona tunazuiwa kuukata?

Babu amesema kweli kuhusu moto: mkoko ni mzito na unawaka kwa ukali. Ila mkoko wenye mizizi iliyosimama juu ya matope ukikatwa shina haurudi, tofauti na mchu, aina nyingine ya mikoko, ambao unaweza kuchipua. Ukikata mkoko umeondoa mahali wanapokulia kamba, kaa na samaki wachanga, na ufuko unabaki wazi kwa mawimbi. Kenya iliitangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Tanzania pia inaihifadhi, na kuikata kunahitaji kibali. Naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote.

Tumekata ua wa mnyaa. Tunaweza kuutumia jikoni?

Usiutumie. Maziwa yake meupe yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Hata moshi wake unawasha macho. Aliyerukiwa aoshe jicho kwa maji mengi safi, asilisugue, na aende hospitali siku hiyohiyo.