Baraza la 1968 si Mamlaka ya 1987

Je, Mamlaka ya Elimu ya Afya ya Uingereza, chombo cha umma cha kuelimisha watu kuhusu afya, ilianzishwa mwaka 1968? Hapana. Chombo cha mwaka huo ni Baraza la Elimu ya Afya, lililoundwa kufuatia ripoti ya 1964 ya kamati ya Cohen, iliyochunguza elimu ya afya, na kuchukua nafasi ya Baraza Kuu la Elimu ya Afya lililokuwapo tangu 1927. Mamlaka ilikuja Aprili 1987, serikali ilipolivunja Baraza na kukiweka chombo kipya ndani ya Huduma ya Taifa ya Afya, hivyo kikawa karibu zaidi na waziri kuliko mtangulizi wake. Siku chache kabla ya hapo, Baraza lilitoa ripoti ya mtafiti Margaret Whitehead kuhusu pengo la afya baina ya matabaka, na mkutano wa waandishi wa habari wa kuitangaza ukafutwa dakika za mwisho, hatua ambayo, kwa maoni yangu, iliitangaza ripoti hiyo kuliko mkutano wowote. Mamlaka nayo ilirithiwa mwaka 2000 na Wakala wa Maendeleo ya Afya, uliounganishwa mwaka 2005 na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu na afya. Tarehe hizi zisitumiwe kwa Scotland, ambayo ilikuwa na chombo chake.