Damu ya mwizi na sura yake

SWALI: Mwizi kavunja kioo cha duka la ndugu yangu hapa Ngamiani, akajikata na kuacha damu kwenye kitambaa. Kijana mmoja anasema siku hizi damu inatoa sura ya mtu. Ni kweli? Kitambaa tumekitia kwenye mfuko wa nailoni.
Msomaji, Tanga

JIBU: Tuanze na huo mfuko. Damu mbichi ndani ya nailoni, kwa joto na unyevu wa Tanga, huota ukungu na bakteria, nao huzivunjavunja DNA, yaani vinasaba vya mtu vilivyomo kwenye damu. Kipelekeni polisi leo hii, mwaeleze kilivyowekwa. Kama kitachelewa, vaeni glavu mpya, kitandazeni kivulini juu ya karatasi safi, kisha kitieni kwenye bahasha ya kaki. Msikianike juani wala kukipiga pasi.

Sura yenyewe haitoki. Kinachopimika vizuri ni rangi: macho, nywele na ngozi. Kipimo cha HIrisPlex-S husoma alama 41 za vinasaba, na pikogramu 63 za DNA, yaani za seli kama kumi, zinaweza kutosha. Majibu huja kwa uwezekano: macho makundi matatu, nywele manne, ngozi matano.

Sasa tazama Ngamiani. Ukiambiwa macho ya kahawia na nywele nyeusi, umetajiwa mji mzima! Kipimo hung'ara zaidi Ulaya, penye macho ya buluu na ya kahawia. Hata huko, macho ya rangi za katikati hukisumbua. Ngozi ingesaidia kidogo hapa, ila haimtofautishi Mdigo na Mbondei, na mkorogo, hina au piko havimo kwenye damu. Isitoshe, baadhi ya jeni za rangi, kama MFSD12, zilitambuliwa 2017 tu, katika utafiti uliohusisha Watanzania, Waethiopia na Wabotswana.

Umri hukadiriwa kwa alama za kemikali juu ya DNA, kwa kosa la miaka kadhaa. Picha kamili ya uso ni ubunifu zaidi kuliko kipimo: mwaka 2022 polisi wa Edmonton, Kanada, walitoa picha ya namna hiyo, wakaiondoa baada ya kulalamikiwa kwamba ingewafanya watu weusi wengi washukiwe bure.

Akipatikana mshukiwa, hakuna haja ya kukisia rangi. Sampuli yake hulinganishwa na ya kitambaa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009. Ndiyo maana kitambaa hicho kina thamani kuliko mchoro wowote.